MCHEZO HAUNA UMRI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya matumizi ya wakati wa mapumziko. Bila shaka mlitazamia kwamba mzee kama mimi atasifu bustani au ufugaji wa kuku. La. Mimi nitasema juu ya gemu, yaani michezo ya kwenye televisheni, kompyuta na simu.

Wengi wetu tunaidhania kuwa ni ya watoto. Historia haikubali. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham, mtu mzima aliyepita miaka 45, alitengeneza mchezo wa tenisi katika maabara ya Brookhaven, Marekani, ili kuwachangamsha wageni waliokuja kuitembelea. Watu walipanga foleni kuucheza. Tetris, mchezo wa kupanga vipande vinavyodondoka, uliundwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtafiti wa kompyuta mjini Moscow. Desemba 2023 kijana wa Kimarekani, Willis Gibson, mwenye miaka 13, aliucheza katika toleo la Nintendo la mwaka 1989 mpaka mchezo wenyewe ukakwama, jambo ambalo hakuna binadamu aliyekuwa amelifikia kabla yake. Na mwaka 2020 kitabu cha Guinness kilimtambua bibi wa Kijapani, Hamako Mori, mwenye miaka 90, kuwa ndiye mzee kuliko wote wanaoonyesha michezo yao katika YouTube.

Sisi tuliokulia barazani hatuna haja ya kushangaa. Bao halikumwuliza mtu umri. Leo mzee alimfunga kijana, kesho kijana akamfunga mzee, na katikati ya kete mambo mazito ya ukoo yakazungumzwa.

Mimi nilianza gemu nikiwa na miaka 66. Mjukuu wangu alihamia kwangu baada ya kufiwa na mama yake. Kila nilipomsemesha alijibu, "Ndiyo babu," au, "Hapana babu," basi. Nikaketi kando yake, nikamwomba anifundishe mpira wa kwenye televisheni. Alinifunga saba bila. Juma la pili, macho yake yakiwa kwenye mchezo, akaanza kunisimulia habari za mama yake. Tukitazamana asingeweza, tulipokaa bega kwa bega aliweza.

Hata hivyo, vijana, sikuja kuwapa ruhusa ya kukesha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea nao hata unapokudhuru. Basi, masomo kwanza, usingizi usiguswe, na fedha ya ada isipotelee kwenye vibanda vya gemu. Mchezo hauna umri, lakini una saa zake.

Nanyi wazee wenzangu, kabla hamjamnyang'anya mtoto simu, mwulizeni kwanza mchezo ule unachezwaje. Kisha kaeni, mcheze, mfungwe. Mtoto aliyekufundisha jambo atakusikiliza unapomwambia kwamba sasa inatosha.