Jua, Waya na Kibali



Waamini wametuuliza mara nyingi: "Padre, jua ni la Mungu. Mbona tuombe ruhusa ya kulitega juu ya paa?" Wengine hushangaa kwamba Tume ya Haki na Amani inajishughulisha na paneli. Basi wajue kuwa paa la Ukumbi wa Paulo VI kule Vatikano liliwekwa paneli 2,400 mwaka 2008. Lakini swali lenyewe ni zito, tena wapo wanaonufaika kwa watu kutolijua jibu lake.

Jua halina kibali. Chenye kuhitaji idhini ni waya. Paneli ndogo inayowasha taa tatu na kuchaji simu, isiyogusana na umeme wa taifa, haimdhuru jirani. Mambo hugeuka pale mtambo wa nyumbani unapounganishwa na nyaya za mtaani. Umeme ukikatika, fundi hupanda nguzo akiamini kwamba waya umelala. Kama inveta yako haijizimi, umeme wako hurudi nyuma hadi kwenye transfoma, ukapandishwa nguvu na kumkuta mikononi. Mtu huyo ana mke na watoto, na pengine Jumapili tunapeana naye amani. Hapo kibali si urasimu tena. Ni amri ya tano.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 hapa Kenya haimdai leseni mwenye kuzalisha umeme usiozidi megawati 1 kwa matumizi yake mwenyewe, na paa la mwananchi wa kawaida halikaribii kiasi hicho. Kwa hiyo anayebisha hodi kwa mjane akidai ada ya "leseni ya jua" ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni. Mwenye kutakiwa leseni ni fundi. Kanuni za mwaka 2012 ziliwapanga mafundi kwa madaraja, kuanzia T1 wa mitambo midogo hadi T3 wa mitambo iliyounganishwa na gridi. Mwombe akuonyeshe leseni yake kabla hujampa hata senti. Sisi wenyewe tuliwahi kumwajiri kijana kwa kuwa tu alikuwa mwanakwaya hodari. Usiku wa tatu betri ilichemka, na dari ya nyumba ya mapadre ingali na doa jeusi.

Anayetaka umeme wake wa ziada uingie katika gridi huongozwa na kanuni za mwaka 2024. Huiandikia kampuni ya usambazaji, mtambo hukaguliwa, mkataba hutiwa sahihi, na mita ya kupima pande zote mbili huwekwa. Kwa kila uniti mbili anazotoa, huhesabiwa moja. Huambiwa kwamba nguzo na nyaya zina gharama, nayo ni kweli. Lakini nusu nzima? Hatujaridhika, na kanuni zikirudi kujadiliwa na wananchi tunapaswa kuwamo ukumbini.

Ombi likikaa ofisini miezi na miezi, wengi hukimbilia chai. Mtoa chai hupita, ila amempandishia bei anayemfuata kwenye foleni, ambaye kwa kawaida ni maskini kuliko yeye. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na ofisi ya umma kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi anapoathiriwa na uamuzi wake. Andika barua nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa tarehe, ubaki nayo. Usilipe pasipo risiti. Ukikwama, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Wazee wetu wengi hawawezi kuandika barua hizo, wala hawapaswi kwenda ofisini peke yao. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ichague watu wawili wa kuwasindikiza, mmoja wao awe mwanamke, na majina yamfikie katibu wa parokia kabla ya kikao kijacho.