Mita 60 Kutoka Wapi?



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya "Maendeleo na Mazingira", nami kwa kweli nilianza kuandika hotuba ya namna hiyo. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya pili, na ndani yake ramani ya bweni jipya ambalo Umoja wetu unataka kuijengea shule upande wa chini wa uwanja wa mpira, karibu na kinamasi. Pembeni Katibu ameandika kwa mkono wake: "Wewe ni mtu wa mipango miji, tusaidie lipite haraka." Nikaiweka kando ile hotuba ya kwanza. Leo nitazungumza juu ya maneno hayo mawili, "lipite haraka", kwa kuwa nimekwisha kuyasikia zamani, na nilipoyasikia niliyatii.

Mwaka 2006 nilikuwa afisa mipango miji katika mji mmoja ulio kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, na shahada yangu bado inanuka wino. Siku moja akaingia ofisini mtu niliyelala naye bweni moja hapa kwa miaka minne. Yumo humu ukumbini. Nimemwomba ruhusa, naye amesema nisimulie yote ila nisitaje jina lake wala habari za kukoroma kwake. Alikuwa na kiwanja cha makazi karibu na ziwa, mbele yake mafunjo, nyuma yake barabara. Alitaka kujenga nyumba ya kulala wageni yenye vyumba 12. Benki ilikuwa tayari kumkopesha, ilingoja kibali tu. Hakunipa hata shilingi moja, na ningependa vijana walisikie hilo. Aliniambia tu, "Sisi tumekula ugali wa sinia moja, bwana."

Kwa wale wasiojua jinsi kazi hii inavyokwenda, nieleze kidogo. Mtu akitaka kujenga mjini hupeleka ramani zake kwenye halmashauri pamoja na hati ya kiwanja. Jalada lake hutembea kutoka meza hadi meza: mipango miji, ardhi, afya, mhandisi, mazingira. Kila meza huandika maoni yake. Ikiwa anataka kubadili matumizi ya kiwanja, kama rafiki yangu alivyotaka, basi tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi aseme, na shauri huenda kwenye kamati ya madiwani. Ni utaratibu mzuri. Ubaya wake ni kwamba kila meza hutegemea ile iliyotangulia. Mtu wa kwanza akiandika "sina pingamizi", wa pili huona aibu kuwa na pingamizi, na wa tano hata hafungui ramani. Mtu wa kwanza nilikuwa mimi.

Wala msidhani sikwenda kiwanjani. Nilikwenda, tena na tepu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa na kingo za mito. Sheria ilikuwa bado changa, nami nilijivunia kuijua. Kijana mmoja wa ofisi akashika ncha ya tepu ukingoni mwa maji, nami nikarudi nyuma mpaka pale msingi ulipokusudiwa kuanza. Tukapata mita 71. Nikaandika kwenye daftari langu, nikapiga mstari chini yake.

Palikuwa na mama mmoja mtu mzima akikata mafunjo ya kusukia mikeka. Alitutazama tangu mwanzo. Tulipokuwa tunakunja tepu akauliza, "Mwanangu, unapima nini?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, napima ziwa." Akaitika, kisha akasema, "Unalipima leo likiwa safarini? Ngoja lirudi." Akanionyesha mkuyu uliokuwa juu zaidi ya kiwanja, karibu na barabara. Alisema wakati wa mvua za Uhuru yeye akiwa msichana, mitumbwi ilikuwa ikifungwa kwenye mkuyu ule. Nilicheka kwa adabu, kama wasomi tunavyocheka. Nikarudi ofisini nikaandika "Sina pingamizi. Umbali ni mita 71, unazidi matakwa ya sheria."

Lile tangazo nalo lilibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, ndani ya ua, karibu na dirisha la mhasibu. Mama wa mafunjo hakuwa na shughuli yoyote kwa mhasibu. Hakuna aliyepinga. Kwenye muhtasari wa kikao tukaandika kwamba wananchi hawakuwa na pingamizi, na kwa karatasi ilikuwa kweli.

Sasa sikilizeni habari za ziwa lenyewe, ambazo mimi mwenye shahada nilipaswa kuzijua kabla ya kushika tepu. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na mwezi wa Mei 1964 yakafikia kipimo cha mita 13.41 kwenye kipimio cha Jinja, huko Uganda. Kisha yakaanza kushuka, mwaka hadi mwaka, yakipanda kidogo mvua zikizidi. Na ule mwaka 2006 niliopima mimi, ziwa lilikuwa limepungua kuliko watu wengi walivyopata kuliona maishani mwao, kwa sababu ya ukame na kwa sababu ya maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja. Kwa hiyo katika miaka yote ambayo ningeweza kupima, mimi nilichagua ule ambao maji yalikuwa mbali kabisa na kiwanja cha rafiki yangu.

Vijana wa hesabu, nifuateni. Kiwanja kile kilikuwa na mteremko mdogo sana: ukitembea mita 40 kutoka ziwani unapanda mita 1 tu. Maji yakipanda mita 2, yatasogea mita 80 nchi kavu. Na mimi nilikuwa na mita 71. Ni hesabu ya kidato cha pili, ningeweza kuifanya juu ya kiganja. Sheria ilinipa namba, nami nikaridhika na namba, sikujiuliza inahesabiwa kutoka wapi.

Nyumba ilijengwa. Ili wageni wapate kuona ziwa, mafunjo yaliyokuwa mbele yalikatwa na mahali pake pakamwagwa kifusi na moramu. Jirani akaona, naye akakata yake. Katika miaka sita hivi, ukanda wote ule ulikuwa umekuwa kuta na mageti. Mafunjo si majani ya bure, ndugu zangu. Huchuja tope na uchafu unaoteremka na mvua kabla haujafika ziwani. Na mle ndani hewa ya kupumulia samaki ni haba, kiasi kwamba sangara, yule aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 akala karibu kila kitu, hapawezi. Samaki wadogo wa asili wamenusurika humo. Kamongo naye anapumua hewa ya juu, kwake ni nyumbani. Ukikata mafunjo umevunja chujio na maficho kwa panga moja. Maneno haya yote hayakuwemo katika jalada. Hapakuwa hata na mahali pa kuyaandika. Fomu iliuliza ukubwa wa madirisha.

Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2019 mnazikumbuka. Mwezi wa Mei 2020 kipimio cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya ile rekodi ya 1964. Ziwa lilikuwa limerudi. Rafiki yangu alinipigia simu usiku. Maji yalikuwa yamefika kwenye vitanda vya vyumba vya chini. Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Shimo la choo lilifurika, uchafu ukaingia kwenye visima vifupi vya majirani, wale wasio na bomba, na watoto wakaugua matumbo. Nilikuwa nimekwisha kuhamishwa mkoa, nikaomba ruhusa nikaenda. Nilisimama kwenye maji yaliyonifika magotini, mahali nilipokuwa nimesimama na tepu. Mama wa mafunjo alikuwa amekwisha kufariki. Mkuyu ulikuwepo, na mtumbwi mmoja ulikuwa umefungwa hapo.

Rafiki yangu hakunitukana. Alisema, "Ungenikatalia mwaka ule ningekununia mwaka mzima. Ulinikubalia, nimelipa benki miaka kumi." Ofisi iliyonituma kiwanjani, benki, kamati, wote walikuwa na karatasi safi. Saini ya kwanza ilikuwa yangu.

Mtaniuliza kama nchi haina sheria za kulinda mahali kama hapo. Inazo. Tanzania ilijiunga mwaka 2000 na ule Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 unaohusu ardhioevu, na tuna maeneo manne yaliyoandikishwa: Malagarasi-Muyovosi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Na wakati mwingine ulinzi huo hufanya kazi. Mwaka ule ule wa 2006, mimi nikipima kiwanja, kulikuwa na pendekezo la kujenga kiwanda cha magadi Ziwa Natron, mahali ambapo heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana. Ilifanywa tathmini ya athari kwa mazingira, wataalamu wakaisoma na kuipinga, watu wakapiga kelele ndani na nje ya nchi, na mwaka 2008 kampuni iliyotaka kujenga ikajitoa. Natron ilipata watetezi kwa kuwa ni kubwa na ina ndege wazuri. Lakini vinamasi vyetu vingi havifi kwa kiwanda. Vinakufa kwa kiwanja kimoja kimoja, kila kimoja kina jalada lake, na kila jalada lina afisa mmoja aliyesoma na mtu fulani.

Ndiyo maana narudi kwenye bweni.

Ndugu Mwenyekiti, nimeitazama ramani. Bweni ni zuri, la vitanda 80, na ninajua lilivyogharimu jasho kukusanya michango. Jana jioni nilishuka na vijana watatu wa kidato cha tatu tukapima kutoka ukingo wa kinamasi. Tumepata mita 64. Kwa tepu, limepita.

Lakini niliokuwa nao kidato cha tano na cha sita wananikumbuka mvua za El Nino, mwishoni mwa 1997 na mwanzo wa 1998. Goli la chini lilisimama ndani ya maji karibu muhula mzima. Tulicheza goli moja, na golikipa wetu, ambaye leo ni mzee wa kanisa na ameketi safu ya pili, alimshika kambale kwa mikono mbele ya darasa zima. Wengi wenu mmecheka. Hicho mnachokichekea ni ushahidi, na haumo katika ramani hii. Goli la chini ni juu zaidi kuliko msingi wa bweni. Mkitaka watoto 80 walale chini ya goli lile, na choo chao kiwe chini zaidi, basi mtafuteni afisa mwingine wa kulipitisha, kwa maana mimi sitaandika tena "sina pingamizi".

Ninachoomba ni mambo machache. Kwanza, ramani ibandikwe kwenye mti pale kisimani, wanapochota maji watu wa kijijini, na Mwenyekiti wa Kijiji aombwe kuita wazee. Ubao wa shule hautoshi. Pili, Mwalimu wa Jiografia amekubali kusimika nguzo tatu zenye alama kwenye kinamasi, na vijana watasoma kipimo kila Jumatatu na kukiandika kwenye daftari, kama sisi tulivyokuwa tukisoma kipimio cha mvua nyuma ya maabara. Tatu, kamati itazame ule uwanja wa nyuma ya jiko la zamani. Najua ni mwamba, na kuchimba msingi kutaongeza gharama. Nimemwomba mhandisi wetu mmoja, wa darasa la 1989, afanye makisio, naye amenijibu kwamba atayaleta kabla ya mwezi kwisha. Ikibidi tujenge vitanda 60 badala ya 80, tujenge 60.

Katibu, samahani, najua ulitaka jibu fupi. Kesho saa 1 asubuhi, kabla ya ibada na kabla ya mechi, nitashuka kinamasini na yeyote anayetaka kuona mahali penyewe. Rafiki yangu wa vyumba 12 amesema atakuja, na ameniahidi kuleta viatu vya mpira jozi mbili.