Nani Kasema Picha Haina Lugha?



Tangazo la mhadhara huu liliahidi historia ya filamu za makala katika pwani yetu. Nasikitika kwamba hamtaipata. Miezi michache iliyopita, katika warsha moja, msomi ninayemheshimu alisimama akasema maneno matatu: "Picha haina lugha." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, kwa adabu, kisha usiku sikulala.

Hoja yake ilikuwa hivi. Mnyama ni mnyama, ngoma ni ngoma, na uso wa bibi kizee husomeka popote. Kamera ikielekezwa sawasawa, Mdigo na Mfini wataona kitu kimoja. Basi kuuliza filamu imetengenezwa kwa lugha gani, akamaliza, ni wivu wa walimu wa Kiswahili. Nikajua nimetajwa.

Mambo ya vigogo wa filamu za makala, Grierson, Flaherty na Jean Rouch, wenzangu mnayajua, nayapita. Lakini Vugiri siwezi kupapita.

Vugiri ni kijiji cha milima ya Usambara, Tanzania. Huko ndiko kati ya 1935 na 1937 kulikofanywa mradi wa majaribio ya sinema ya elimu, maarufu kama BEKE, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza filamu 35 hivi: safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, faida ya kuweka pesa benki ya posta badala ya kuzifukia chini. Ulikuwa mradi wa kikoloni, uliojaa dhana za kikoloni juu ya akili ya mtazamaji Mwafrika, na sina nia ya kuusafisha. Ninachokipenda, na wanafunzi wangu wamechoka kunisikia, ni santuri zake. Sauti haikuwa kwenye ukanda wa filamu. Ilirekodiwa kando, kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Lori likifika mahali, ukanda ni uleule, santuri inabadilishwa.

Fikirini kazi ya fundi aliyesimama nyuma ya mashine ile. Mkono mmoja uko kwenye picha, wa pili kwenye santuri. Sindano ikiruka kidogo tu, maelezo ya minyoo yanamwangukia karani wa posta. Mkoloni, pamoja na kiburi chake chote, alikwisha jua mwaka 1935 kwamba picha peke yake haitamwambia mtu kitu. Miaka tisini baadaye tunaambiwa kinyume chake, tena ukumbini, tena na mwenzetu!

Tushuke Bamburi, hapa Mombasa. Nyote mnamkumbuka Owen, mtoto wa kiboko aliyekwama baharini karibu na Malindi baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Alinaswa kesho yake kwa nyavu na nguvu za wavuvi na wakazi, akaletwa hifadhi ya Haller Park, akajibanza kwa kobe wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130. Picha zilizopigwa na Peter Greste zilienea dunia nzima, na mwaka 2006 kikatoka kitabu cha watoto ambacho Dkt. Paula Kahumbu alikuwa mmoja wa waandishi wake. Haya, picha haina lugha? Kobe yule aliitwa Mzee. Mtoto wa ng'ambo anasoma hapo jina tu, kama John. Mtoto wa Kisauni anasikia salamu, anasikia heshima, anasikia kwamba yatima amekimbilia kwa mwenye umri, kama inavyopasa. Kiboko naye akapewa jina la mmoja wa waliomkamata, mgeni. Wavuvi wenye nyavu wakabaki "wanakijiji".

Tena kiboko hakuwa habari kubwa ya pale. Habari kubwa ilikuwa jongoo. (Wazee, msicheke. Namsema jongoo wa miguu myekundu.) Hifadhi hiyo zamani ilikuwa timbo la kiwanda cha simiti, jangwa la mwamba wa matumbawe na maji ya chumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti mwaka 1971. Alijaribu aina 26, zikapona tatu, na mbabe wao alikuwa mvinje. Lakini majani ya mvinje yakidondoka hayaozi kwa urahisi, na yasipooza hakuna udongo. Akaletwa jongoo, akayala, na kinyesi chake kikawa mwanzo wa udongo. Wahenga walitufundisha kumtupa jongoo na mti wake. Bamburi waliwaweka wote wawili, na leo twiga wanatembea juu ya kazi yao.

Sasa elekeza kamera huko. Utaona msitu mzuri, na hutajua kwamba pale palikuwa shimo. Jongoo utamwona, ila kazi yake hutaiona, maana ni ya miaka na inafanyika chini ya majani. Lazima mtu aseme. Na akisema, atasema kwa lugha fulani.

Au twendeni upande wa Changamwe, Owino Uhuru, Mikindani, mtaa uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Sumu yake ni madini ya risasi. Neno hilohilo kwetu ndilo la kitu kitokacho mtutuni, na nimewasikia watu wakilikwepa kwa sababu hiyo, wakasema "ile sumu" tu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda kile, mwanawe aliugua. Akaanza kuuliza, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya uamuzi huo kuyumbishwa katika rufani, Mahakama ya Juu iliurudisha Desemba 2024. Mpiga picha hodari ataniletea mabati, moshi, watoto wakicheza. Risasi iliyo ndani ya damu ya mtoto haipigwi picha. Iko kwenye karatasi ya maabara na kwenye kinywa cha mama yake.

Mwenzangu wa warsha ile atanijibu kwa *The Letter*, filamu ya Maia Lekow na Chris King iliyotoka mwaka 2019, ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Haina msimulizi. Karisa, kijana anayeishi mjini, anagundua kwenye Facebook kwamba nyanya yake anaitwa mchawi, anarudi kijijini kuuliza. Nakiri kwamba ni jibu zuri. Nakiri pia kwamba katika filamu ya Andy Jones ya mwaka 2006 juu ya Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, uso wa bibi yule unabeba mengi bila msaada. Lakini filamu isiyo na msimulizi si filamu isiyo na lugha. *The Letter* imejaa maneno. Mjukuu anajua amwulize nani, kwa lahaja ipi, na anyamaze lini mbele ya ami zake. Zima sauti, utabaki na bibi kizee shambani.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawanyima kamera wiki ya kwanza. Wanapewa kinasa sauti peke yake. Wananung'unika, na mmoja aliniandikia kwamba hakuja chuoni kusomea redio. Sitabadilika.

Nilipokuwa kijana, wapiga picha kutoka ng'ambo walikuja kwetu Mtongwe kupiga picha za ngoma ya sengenya. Nyanya yangu alizungumza nao karibu saa nzima, kwa Kidigo, juu ya ngoma za chapuo na vumi, na juu ya mpiga nzumari aliyemkataa ujanani. Filamu iliporudi tulikusanyika kuitazama. Midomo yake ikaanza kwenda, sauti yake ikashushwa, juu yake ikapanda sauti ya bwana mmoja mpole akieleza kwamba bibi anasifu mavuno. Nyanya alitazama hadi mwisho. Kisha akamgeukia mama akamwuliza, "Huyo mwanamume ndani yangu ni nani?"

Siku ile ya mahojiano mjomba wangu alikuwa ameweka redio kaseti chini ya kiti. Ninayo kaseti hiyo. Ina mikwaruzo, na honi ya feri inaingia mara mbili, mnivumilie. Fundi, zima taa tafadhali. Hapana, hiyo skrini iache, hakuna picha.