Donda ndugu na kamba ya bakteria



Mazungumzo ya leo yanahusu kidonda kisichopona. Wahenga walikiita donda ndugu, na jina lilikifaa: huhamia nyumbani kikawa kama mmoja wa jamaa. Mtu mwenye kisukari hujikwaa, asihisi uchungu kwa kuwa miguu imekufa ganzi. Anapovua kiatu jioni, ngozi imeshaachana. Miezi inapita, bandeji juu ya bandeji. Wengine huishia kukatwa mguu.

Kwa nini kisipone? Ngozi ya binadamu hushikiliwa na protini iitwayo kolajeni. Ni kama kamba ya katani, nyuzi 3 zilizosokotwa pamoja, na seli huishika zinapotambaa kuziba pengo. Katika donda la kisukari, vimeng'enya vya mwili wenyewe huitafuna kamba hiyo kabla haijakaza. Seli zinakosa pa kushika.

Zipo bandeji zenye kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe, na husaidia. Lakini wapo ambao dini yao haiwaruhusu nguruwe, na kitu kilichotoka kwa mnyama lazima kichunguzwe kisije kikabeba ugonjwa.

Ndipo watafiti walipomgeukia bakteria, tena si bakteria mwema. Streptococcus pyogenes ndiye huwaletea watoto maumivu ya koo ambayo, yasipotibiwa, huweza kuharibu moyo. Juu ya ganda lake ana protini ya nyuzi 3 zilizosokotwa kama kolajeni yetu. Mojawapo huitwa Scl2. Jambo la ajabu ni kwamba seli za binadamu haziishiki. Ni kamba laini isiyo na fundo hata moja, na kwa fundi hiyo ni bahati, kwa sababu atafunga fundo analotaka, mahali anapotaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walibadilisha sehemu ndogo ya protini hiyo ili seli zipate pa kushika. Mwaka 2010 walichapisha matokeo ya jeli waliyoitengeneza kwa protini hiyo iliyobadilishwa.

Je, mgonjwa anapakwa viini vya ugonjwa? La. Kinachochukuliwa ni maelezo ya kutengeneza protini, yaani jeni. Jeni hiyo hutiwa ndani ya bakteria mwingine anayefugwa maabarani, kisha protini huvunwa na kusafishwa. Insulini ambayo wengi wenu hujidunga kila siku hutengenezwa kwa njia ya namna hiyo hiyo.

Hata hivyo, jeli hii bado ni kazi ya utafiti. Haipo katika zahanati zetu. Atakayekuja sokoni na kopo akidai ndiyo hiyo, muulizeni nambari ya usajili kutoka Bodi ya Dawa na Sumu, kisha mtazame atakavyofunga mzigo.

Kwa sasa, kidonda kibichi kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe kwa kitambaa safi. Kisipakwe udongo, kinyesi cha ng'ombe wala dawa ya meno. Na ile tabia ya kupasua kapsuli na kumwaga unga juu ya kidonda iachwe. Unga huo hukauka ukawa gamba, na usaha hujificha chini yake. Aliyechomwa na msumari au kukatwa na jembe aulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kidonda ambacho hakijaonyesha nafuu kwa wiki 2 kipelekwe kwa muuguzi. Mwenye kisukari asingoje wiki hizo. Aende siku hiyo hiyo, na avae viatu anavyovaa kila siku ili vikaguliwe ndani.