MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya Mashujaa, timu ya mpira wa miguu ya mkoa wetu: jinsi ilivyopanda, ni mambo gani iliyoyatenda, na sisi wenyeji twawiwa nini nayo.

Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo yatoka katika ngoma. Mtu achezapo mbele ya jamaa zake, shangazi humfunga leso, na mjomba humtia sarafu mkononi. Lakini achezapo ugenini, huenda akashangiliwa, kisha asahauliwe kabla ya mapambazuko. Methali ni ya kweli, ila yataka mambo mawili. Kwanza mchezaji awe na mahali pa kucheza kwao; pili, hao wa kwao wawe tayari kutunza. Kwa miaka mingi Kigoma ilikosa jambo la kwanza. Sasa twalo. La pili ndilo tulilokuja kuwauliza.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Reli ya Kati, itokayo Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914, na urefu wake ni karibu kilomita 1,250. Reli hiyo ilileta mengi mazuri, lakini njia ipitishayo mizigo kuja hupitisha watu kwenda. Ligi ya mpira ya taifa ilipoanza mwaka 1965, mshindi wake wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 1971 yaitwa Simba. Mshindani wake mkuu, Yanga, ambayo ilianzishwa mwaka 1935, nayo ni ya mji huo huo. Basi kijana wa Ujiji aliyejua kuuchezea mpira alitazama upande mmoja tu, upande wa mashariki, akafunga mzigo wake, akapanda gari.

Wala hawakwenda watu hafifu. Ndugu wa ukoo wa Manara, wenye asili ya Kigoma, waliipa Yanga sifa kubwa. Mmoja wao, Sunday Manara, katika miaka ya 1970 alivuka bahari akaichezea Heracles ya Uholanzi, akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kucheza mpira wa malipo katika Ulaya. Baadaye akaja Juma Kaseja, mlinda mlango, naye mtu wa Kigoma. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kupambana na Zamalek ya Misri, ambayo wakati ule ilikuwa bingwa wa Afrika. Ushindi uliamuliwa kwa mipira ya penalti, na aliyesimama katika mlango wa Simba alikuwa Kaseja, kijana ambaye umri wake haukufika hata miaka ishirini. Bingwa akatolewa. Tanzania yote ikafurahi, na Kigoma ikafurahi pamoja nayo. Lakini furaha ya Kigoma ilikuwa kama ya mama ambaye mwanawe ameolea mbali, naye apata habari za arusi kwa barua.

Hatuwalaumu waliokwenda. Mvuvi huenda penye samaki. Twasema tu kwamba mkoa uliozaa watu kama hao ulikaa miaka mingi bila timu yake katika ligi kuu ya nchi, na watoto wetu wakajifunza kumshangilia mgeni kwa kuwa mwenyeji hakuwapo.

Sasa na tuitazame Mashujaa. Timu hii ni ya askari wa Jeshi la Wananchi walio hapa Kigoma, na uwanja wake ni ule uitwao Lake Tanganyika. Ilianza kujulikana katika nchi nzima tarehe 26 Desemba mwaka 2018. Wakati ule ilikuwa timu ya daraja la chini. Katika mashindano ya kombe la shirikisho ikapangwa kucheza na Simba, bingwa wa nchi, tena katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Siku tatu tu kabla yake, katika uwanja huo huo, Simba ilikuwa imeishinda Nkana ya Zambia mabao 3 kwa 1 katika mashindano ya mabingwa wa Afrika. Nani aliyedhani kwamba timu itokayo mwisho wa reli ingeweza jambo? Lakini mchezo ulipokwisha, Mashujaa walikuwa na mabao 3, Simba 2, na bingwa akawa ametoka mashindanoni.

Ushindi wa siku moja haumpandishi mtu ngazi. Mashujaa walirudi Kigoma, wakaendelea katika daraja lao la chini kwa miaka mingine kadha. Katikati ya miaka hiyo likatokea jambo ambalo wengi wenu mtalikumbuka. Tarehe 25 Julai mwaka 2021 mchezo wa mwisho wa kombe lile lile, kati ya Simba na Yanga, ulichezwa hapa kwetu, katika uwanja wa Lake Tanganyika. Wageni walijaa mjini. Simba walishinda kwa bao 1, lililotiwa kwa kichwa na Taddeo Lwanga wa Uganda, mchezo ulipokaribia kwisha. Ilikuwa siku kubwa. Lakini katika sherehe ile Kigoma ilikuwa kama mwenye nyumba aliyeazima ua wake kwa arusi ya jirani: aliwakaribisha watu, akawapa nafasi ya kukaa, na bibi arusi hakuwa wake.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, zamu yetu ikafika. Kwa faida ya wasiojua taratibu za ligi, tueleze kidogo. Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu hucheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, hata jumla ikawa michezo 30. Zilizo mkiani hushuka daraja. Zile zilizo juu kidogo ya mkia hupewa mtihani wa pili, na atakayeshindwa katika mtihani huo hupambana na timu ya daraja la chini inayotaka kupanda. Mshindi huingia Ligi Kuu, na mshinde hukaa chini. Mwaka ule aliyekuwa akiitetea nafasi yake alikuwa Mbeya City, timu iliyokwisha kukaa miaka mingi katika Ligi Kuu. Aliyebisha hodi alikuwa Mashujaa wa Kigoma. Mashujaa wakashinda, wakapanda.

Kupanda ni kazi, na kukaa juu ni kazi kubwa zaidi, maana timu ngeni huonekana kuwa chakula cha wenyeji. Mfikirie na safari zenyewe: timu ya Kigoma ichezapo Dar es Salaam, Tanga au Lindi, husafiri umbali ambao timu za mji mkuu wa biashara hawaujui, kwa kuwa wao hukutana wenyewe kwa wenyewe bila kuvuka mto. Hata hivyo Mashujaa hawakushuka mwaka ule wa kwanza, wala mwaka uliofuata.

Miongoni mwa waliowafundisha wakati huo alikuwa Mohamed Abdallah, ambaye wapenda mpira humwita Bares. Katika mlango wao Patrick Munthary alijipatia sifa ya kuwa mtu mgumu kufungwa. Mbele alikuwapo Reliant Lusajo, mshambuliaji aliyekwisha kucheza katika timu nyingine za Ligi Kuu kabla ya kuja kwetu. Ona jinsi mambo yalivyogeuka! Zamani mchezaji alipanda gari Kigoma ili akatafute mpira; sasa mwenye kujua mpira aja Kigoma kuufuata.

Tarehe 9 Aprili mwaka 2024 Simba wakaletwa tena mbele ya Mashujaa katika mashindano ya kombe, safari hii hapa Kigoma. Dakika tisini zikapita, kila timu ina bao 1. Ikawa lazima kuamua kwa penalti, yaani mpiga mmoja na mlinda mlango mmoja, na watu wote wengine wakitazama tu bila ya uwezo wa kusaidia. Penalti hazijali utajiri wala jina. Zilipokwisha kuhesabiwa, Mashujaa walikuwa na 6, Simba 5. Kwa mara ya pili mkubwa akatolewa na Kigoma.

Wako wasemao kwamba mara zote mbili Simba walikuwa wamechoka, kwa kuwa walikuwa wametoka kucheza mashindano ya Afrika. Na kweli, mwaka 2024 walikuwa wamecheza na Al Ahly huko Cairo siku nne tu zilizotangulia. Maneno hayo ni ya haki, wala hatuna haja ya kuyaficha. Lakini aliyechoka hajishindi mwenyewe. Hushindwa na mtu aliyekuwapo, aliyejiweka tayari, asiyeliogopa jina kubwa. Hilo ndilo funzo tunalotaka wanafunzi walishike.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Siku Simba au Yanga wanapokuja kucheza na Mashujaa, ni wangapi kati yetu wavaao nguo za wageni na kuwashangilia waliokuja kutushinda? Hatusemi mtu aache mapenzi yake ya siku nyingi. Moyo haupigwi amri. Lakini mtoto aliyekaa kando ya baba yake uwanjani huyaona hayo, akajifunza kwamba kitu cha kwao ni kidogo na cha mbali ni kikubwa. Mtoto huyo, akijaliwa mguu mwema, atafanya nini? Atafunga mzigo wake kama waliomtangulia.

Wala tusidhani kwamba timu ikipanda imekwisha kuwa salama. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo katika milima ya Rungwe, ilitwaa ubingwa wa nchi nzima, ikawapita Simba na Yanga. Watu wa Tukuyu walidhani siku zao zimefika. Baadaye timu ikaporomoka, na jina lake likawa la kukumbukwa katika masimulizi ya wazee. Ubingwa haukuiokoa. Kilichofika kwa ghafula kilihitaji kutunzwa, sawasawa na kile kinachofika polepole.

Hapana budi kusema jambo lingine waziwazi. Mashujaa ni timu ya jeshi, na jeshi limeilea vizuri. Lakini mlezi mmoja si ukoo. Kama sisi wenyeji hatuna sehemu katika timu ila kuketi na kutazama, basi siku mlezi akibadili shauri tutabaki na uwanja mtupu. Wavuvi wetu wa dagaa watoa mfano mwema. Usiku wa giza wakirudi na mavuno, hawayagawi yote palepale. Kwanza huweka kando fedha ya nyavu, taa na mafuta, kwa sababu wajua kwamba kesho wataingia majini tena. Mavuno ya mwaka 2023 na 2024 tumekwisha kuyala kwa vigelegele. Je, fungu la nyavu tumeliweka wapi?

Kwa fikira zetu sisi walimu, nyavu za mpira ni shule. Mashindano ya shule za msingi na ya shule za sekondari yapo kila mwaka, na ndiyo mahali ambapo mtoto wa Kasulu, Kibondo, Uvinza au Buhigwe aweza kuonekana. Lakini mtoto hawezi kuonekana ikiwa uwanja wa shule umegeuzwa shamba la mihogo, au ikiwa mpira ni mmoja nao umepasuka. Kamati ya kijiji ichungayo uwanja wa shule usinyang'anywe, inaichezea Mashujaa ingawa haivai jezi. Mzee alipaye kiingilio mlangoni badala ya kuruka ukuta, naye anaichezea. Mwalimu anayemfundisha kijana kwamba miguu ya mchezaji ina miaka michache, lakini elimu itamlisha hata uzeeni, naye amefanya kazi ya timu. Kwa maana mchezaji asiyejua kusoma mkataba wake huuzwa kama mbuzi wa mnada.

Nanyi wanafunzi, msidharau kucheza kwenu. Anayetaka kwenda mbali aende, na Mungu amfikishe. Tutamsikiliza redioni kwa furaha kama tulivyomsikiliza Kaseja. Lakini sasa iko njia nyingine ambayo baba zenu hawakuwa nayo. Mtoto wa Gungu au wa Ujiji aweza kutoka kwao asubuhi kwa miguu, akacheza jioni na timu kubwa za nchi, kisha akarudi akala ugali na mgebuka kwa mama yake usiku ule ule.

Mchezo ujao wa nyumbani utakapotangazwa, nendeni. Lipeni kiingilio, mwachukue na watoto, na timu yetu ikifungwa msiondoke kabla ya filimbi ya mwisho. Kwaherini.