Jina la Timu Yetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Kamati imetuagiza tuwaeleze shauri moja lililotufikia mwaka huu, nalo ni jina la timu ya mpira ya vijana wetu. Huenda mzee mmoja akauliza, chama cha kusaidiana katika maradhi na mazishi kina haja gani na jina la timu ya mpira? Twajibu kwamba jina hilo litaandikwa vifuani mwa watoto wetu na kutangazwa uwanjani, na kila alisikiaye atatupima sisi sote kwalo.

Majina mawili yameletwa. Vijana wataka jina la timu kubwa ya Uingereza. Baadhi ya wazee wataka jina la kabila letu, kwa kuwa chama hiki kilianzishwa na watu wa kabila moja waliokuja mjini kutafuta kazi. Kila upande una sababu zake, wala si vema kuudharau wowote.

Tuanze na jina la kigeni. Kupenda uhodari wa wengine si kosa. Lakini jirani zetu wa Dar es Salaam walikuwa na klabu iliyoitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza. Mwaka 1971 klabu hiyo ikajiita Simba. Haikupungukiwa na nguvu kwa kuliacha jina la kuazima, kwani mwaka 1993 ilifika fainali ya Kombe la CAF. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Atatunzwaje yule ajitambulishaye kwa jina la kwa watu?

Sasa jina la kabila. Hapa Kenya tulikuwa na Luo Union, mabingwa wa ligi mwaka 1964, na Abaluhya, mabingwa mwaka 1966 na 1967. Majina hayo yaliwakusanya watu waliokuwa mbali na kwao, nasi twayaheshimu. Lakini serikali ilipotaka majina ya makabila yaachwe, Abaluhya ikageuka kuwa AFC Leopards mwaka 1980. Mashabiki wake wakaendelea kuiita Ingwe, yaani chui kwa lugha yao. Asili haikupotea, ila mlango ulipanuliwa.

Tazameni pia Gor Mahia, iliyoanzishwa mwaka 1968. Jina lake ni la mganga mashuhuri katika masimulizi ya Waluo. Halifichi lilikotoka, lakini halimtaji mtu kabila lake. Timu hiyo ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, Wakenya wa kila upande waliliona kombe lile kuwa lao.

Ndugu zetu, shauri hili si la mchezo tu. Katika vijana waliojiandikisha, wamo watoto wa majirani wasio wa kabila letu, na mmoja wao ndiye mlinda mlango. Nyote mwakumbuka Januari 2008, jinsi kabila la mtu lilivyotosha kumfanya aikimbie nyumba yake katika mji huu. Je, tumvike mtoto wa jirani jina la kabila lisilo lake, kisha tumwambie kwamba yeye ni mwenzetu? Atacheza mwezi mmoja au miwili, halafu ataondoka kimya kimya, na wazazi wake hawataketi tena nasi msibani.

Kamati ilitafuta jina la tatu. Wengine walitaja heroe, ndege wa ziwa letu. Mzee mmoja akapinga, akasema kwamba heroe huhama maji yanapobadilika, naye hataki timu ya kuhama. Tulicheka, lakini tuliona kwamba amesema kweli. Basi kamati yapendekeza jina Menengai. Mlima huo uko juu ya mji wetu, na kila mtoto wa hapa huuona aamkapo, awe wa kabila lipi. Jina lenyewe tulilikuta hapa. Hakuna mmoja wetu aliyekuja nalo.

Wala hatuanzishi jambo geni. Mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1963, walikuwa Nakuru All-Stars. Walibeba jina la mji huu, na mji mzima ukapata sifa.

Kwa hiyo twawaomba wazee walibariki jina hili, vijana walipokee, na mkutano ulipigie kura leo kabla ya jezi kushonwa. Desturi zetu zitabaki nyumbani na katika chama, mahali zinapofundishwa vizuri zaidi kuliko kifuani mwa mchezaji.

Shauri ni lenu.