NANI ALIYEWAHESABU?

Hotuba waliyosomewa wanachama katika mkutano wa tawi, juu ya vyombo vilivyozama katika bahari yetu





Tumeombwa tuseme nanyi usiku huu juu ya vyombo vilivyozama. Huenda wakawapo watakaouliza: chama cha siasa kina khabari gani na meli zilizokwisha kwenda chini? Jawabu yetu ni fupi. Sisi ni watu wa visiwa. Mgonjwa wetu huvuka bahari kwenda kutibiwa, mwanafunzi huvuka kwenda skuli, karafuu zetu huvuka, mchele wetu huvuka, na bwana harusi huvuka. Kwa mtu wa bara, barabara ni jambo la serikali. Kwetu sisi bahari ndiyo barabara, na kila mwenye kutawala hana budi kuulizwa juu yake.

Bandari ya Unguja imeona mengi. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilikipiga kisiwa hiki. Ikavunja merikebu za Sayyid Barghash zilizokuwa zimetia nanga, pamoja na vyombo vingi vya raia, na ikang'oa mikarafuu mashamba kwa mashamba. Pemba haikupata madhara kama hayo, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa shamba kubwa la karafuu, na bahari iliyo baina ya visiwa hivi viwili ikazidi kuwa njia ya riziki. Ile ilikuwa kudra. Hapakuwa na mkono wa binadamu ulioileta.

Miaka 24 baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliizamisha Glasgow, merikebu ya Sultani, mbele ya kasri. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji mpaka mwaka 1912. Watoto walizaliwa, wakakua, wakawa wanaitazama kila waendapo ufukweni. Hapo hapana aliyesema kudra. Kila mtu alijua mzinga ulitoka wapi.

Tumezitaja khabari hizi mbili ili tupate vipimo viwili: chombo kilichovunjwa na tufani, na chombo kilichozamishwa na binadamu. Basi sasa tuvitazame vile vilivyozama katika zama zetu sisi, tukiwa tunajitawala wenyewe, tupate kujua vinaingia katika fungu lipi.

Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli iitwayo Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa meli kongwe, iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967. Kibali chake kilikuwa cha abiria wapatao 645. Ndani yake mlikuwa na watu waliojaa mpaka ngazini, na shehena ya vyakula, saruji na magodoro. Ilipofika mkondo wa Nungwi, baada ya saa saba ya usiku, ikainama, ikapinduka, ikazama. Wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kuokoa watu. Walikuwapo waliookoka kwa kushika magodoro yaliyoelea. Maiti zililazwa katika kiwanja cha Maisara, na watu wakapita safu kwa safu wakifunua nyuso, kila mmoja akitafuta wake. Wazamiaji waliletwa kutoka Afrika Kusini, lakini bahari ile iliwashinda kwa kina na mikondo yake.

Ndugu zetu, hebu tulitazame jambo hili kwa akili ya ubaharia, kwani wengi wenu hapa ni wana wa mabaharia. Jahazi hutiwa farumi chini, ngamani, ili uzito ukae chini na chombo kiweze kuinama kisha kirudi. Meli nayo ni hivyo hivyo. Ukiijaza watu na mizigo sitaha za juu, uzito hupanda, na wimbi ambalo zamani lingeitikisa tu, sasa huilaza. Maji yakiisha kuingia katika sitaha pana isiyo na vizuizi, hukimbilia upande ulioinama, na kila yanapokimbia ndipo yanapozidi kuuinamisha. Kutoka hapo mpaka kupinduka ni muda mdogo sana, na aliyelala chini hana njia. Khabari hii si siri. Anaijua nahodha wa mashua ya tanga asiyejua kusoma. Seuze mwenye meli na mwenye kutoa ruhusa ya safari?

Lakini si kupinduka kwa meli hasa kulikotuleta mbele yenu. Lililotuleta ni hesabu.

Siku za mwanzo tuliambiwa kwamba waliokufa ni kiasi cha mia mbili, kwa sababu maiti zilizopatikana zilikuwa 203. Mwezi wa Januari 2012 ikatoka ripoti ya tume. Tukasoma kwamba juu ya hizo maiti 203 kuna watu wengine 1,370 waliopotea na hawakuonekana tena. Jumla 1,573. Tafadhalini tieni jambo hili moyoni. Kati ya hesabu ya kwanza na ya pili mna watu zaidi ya elfu moja. Watu hao walikuwa na mama na baba, walikuwa na majina, walilipa nauli, walipanda ngazi ya meli mbele ya macho ya watu. Lakini hapana daftari lililoweza kufunguliwa usiku ule likasema: hawa ndio waliomo. Ilibidi jamaa zao waende kuwaandikisha baada ya kufa. Mtu aliyeingia melini asiandikwe, aliandikwa alipokosekana nyumbani.

Wala jambo hili si la bahari yetu peke yake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, nayo kibali chake kilikuwa cha abiria 430. Inakisiwa kwamba waliokufa walizidi 800. Kwa nini tunasema inakisiwa? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Zingatieni maana yake. Aliyelipa zaidi alikuwa na jina. Aliyelipa kidogo alikuwa uzito tu, kama gunia, na pengine gunia lilikuwa na risiti.

Wazee wetu wamesema: dau la mnyonge haliendi joshi. Siku hizi twaweza kuongeza kwamba mnyonge hapewi hata dau lake mwenyewe. Hupewa chombo kilichochosha wengine. Meli ya Skagit iliundwa Marekani mwaka 1989, ikawa inavusha watu katika maji yaliyokingwa na nchi kavu, jimbo la Washington. Ilipoletwa kwetu ikatiwa katika njia ya Dar es Salaam na Unguja, mahali ambapo upepo wa kusi hauna kinachouzuia. Tarehe 18 Julai 2012, kusi likiwa kali, ikazama karibu na Chumbe, miezi kumi tu baada ya msiba wa Nungwi, machozi hayajakauka. Waziri wa mawasiliano akajiuzulu, na kujiuzulu ni jambo la heshima. Lakini kiti kikibadilisha mtu na daftari likabaki tupu, bahari haijui kama waziri amebadilika.

Watu wengine huona haya kudai mambo haya, wakidhani ni kumkaidi Mungu. Sisi ni Waislamu, na kudra twaiamini. Ajali ya mtu ikifika haizuiliki. Lakini kudra haikukata tiketi kupita kibali. Kudra haikupanga saruji melini, wala haikuliacha daftari tupu. Anayeyafanya hayo, kisha akatuambia tusubiri kwa kuwa ni amri ya Mungu, anamsingizia Mwenyezi Mungu kazi ya mikono yake mwenyewe. Subira ni kwa msiba. Kwa dhulma kuna kuuliza.

Na kuuliza huleta matunda. Katika Uingereza ya karne ya kumi na tisa walikuwapo wenye meli waliozijaza meli mbovu kupita kiasi, wakazikatia bima, zikizama wao hawapati khasara. Mabaharia waliziita meli za majeneza. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alisimama Bungeni mwaka 1875 akapiga kelele mpaka akaonekana mtovu wa adabu. Mwaka uliofuata ikatoka sheria kwamba kila meli ipakwe mstari ubavuni, na mstari ukifikiwa na maji, meli isipakiwe zaidi. Je, mambo yakamalizika? La. Sheria ile ilimwachia mwenye meli mwenyewe achague mahali pa kuupaka mstari! Ikapita miaka 14, mpaka 1890, ndipo sheria ikamnyang'anya brashi. Leo mstari ule umo katika meli za dunia nzima. Funzo lake kwetu ni kwamba sheria isiyo na msimamizi ni rangi tu ubavuni, na kwamba wenye kudai wasilale siku sheria inapopitishwa.

Hatusemi kwamba hapana lililotengenezwa. Mwenye kusema kweli husema yote. Tangu misiba ile serikali ilinunua meli mpya, Mapinduzi II, na boti za mwendo wa kasi huandika jina la abiria katika tiketi. Hayo ni mema, na twayakubali. Lakini bado yatupasa kuwaangalia wanaosafiri kwa mashua na majahazi, wavuvi, wachuuzi, watu wa visiwa vidogo. Je, hao nao wana jina kabla ya kung'oa nanga?

Na sisi wenyewe tusijitoe. Ni nani kati yetu aliyepata kushuka kutoka katika chombo kilichojaa? Twasukumana gatini, twampitisha jamaa yetu bila ya tiketi, twamwomba baharia atufanyie hisani. Kila hisani ya namna hiyo ni mtu mmoja asiyehesabiwa. Chama kinachodai haki serikalini, na wanachama wake wakapenya mlango wa nyuma gatini, hakitasikilizwa.

Basi twawaombeni mambo matatu. La kwanza, kila mwanachama anayesafiri ahakikishe jina lake limeandikwa, na la mtoto aliyembeba pia, na asipande chombo anachokiona kimejaa, ijapokuwa ni siku ya kuamkia sikukuu. La pili, kila tawi la pwani liweke daftari la vyombo vinavyotoka na kurudi, ili chombo kisiporudi watu wajue wa kutafutwa ni wangapi na ni nani. Hilo halihitaji fedha, lahitaji kalamu. La tatu, wawakilishi wetu wasichoke kuuliza, mkutano hata mkutano: kibali cha kila meli ni cha watu wangapi, nani aliyeikagua, na orodha ya abiria huachwa nchi kavu mikononi mwa nani?

Glasgow ilituachia milingoti juu ya maji, ikatukumbusha kwa miaka 16. Spice Islander haikutuachia hata mlingoti. Alama yake ni sisi. Tukinyamaza, imezama mara ya pili.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awape subira waliobaki.

Wabillahi tawfiq.